Dada Yangu Dobi na Sentimita Zangu Kumi

Kwanza mjue anayewasimulia ni nani. Mimi ni fundi seremala, na mlango niliouweka mimi hausukumwi mara mbili. Muulizeni yeyote mtaani kwetu, isipokuwa mwenye bucha, yule tulikosana kwa mambo mengine. Shule niliishia darasa la tano, na mpaka leo haijulikani kama ni mimi niliyeiacha au ni yenyewe iliyoniacha. Lakini leo sijisimulii mimi, ingawa najua ningependeza. Namsimulia dada yangu, ambaye kazi yake ni kupiga pasi nguo za watu.

Kila mtu humwita Dobi, hata mimi niliyelelewa naye mgongo mmoja. Chumba chake cha mbele kimejaa meza. Ni meza ndefu, nimeitengeneza mimi, imefungwa blanketi kuukuu na shuka lililopata rangi ya chai kwa kuunguzwa unguzwa na pasi. Juu yake zimepita kamba mbili, na mashati ya watu wenye kazi zao yananing'inia hapo kama wageni waliokosa viti. Blanketi halifiki mwisho wa meza. Upande wa dirishani kuna kama nusu mita ya mbao tupu, na hiyo nusu mita ndiyo ilikuwa shule.

Mwanafunzi alikuwa mmoja, binti yake, mwenye miaka kumi. Tulimwita Nukta, kwa sababu alizaliwa mdogo mpaka mkunga akauliza kama huyo ndiye amemalizika au bado kuna mwingine. Nukta ana kifafa. Alipoanguka darasani mara ya tatu, watoto wenzake walikimbia hadi uwanjani, na mmoja wao akavunjika mkono mlangoni. Mwalimu mkuu akamwita dada yangu, akazungumza naye kwa upole sana, ule upole wa mtu anayekusindikiza nje. Basi dada akamchukua mwanawe, akamrudisha nyumbani, akaomba kibali cha kumfundisha mwenyewe.

Alikuwa na sababu. Kabla ya kuanguka, Nukta husugua sikio la kushoto kwa kidole gumba. Husugua tu, kama mtu aliyeumwa na mbu. Hakuna mwingine aliyeliona jambo hilo ila mama yake. Tangu kidole kiguse sikio hadi mtoto aanguke, ni muda wa kupiga pasi kola ya shati. Dada aliwahi kuhesabu: moja hadi ishirini. Katika ishirini hizo huweka pasi wima, huzunguka meza, humshika, humlaza ubavu. Kwa miaka miwili mtoto hakupata hata mchubuko.

Sasa kibali kile kilikuwa na sharti. Kila mwaka mtoto apelekwe shuleni kutahiniwa. Akishindwa somo mara mbili mfululizo, kibali kinakufa, na mtoto anapelekwa shule ya bweni yenye muuguzi, safari ya siku nzima kutoka kwetu, mzazi kumwona mara moja kwa muhula. Mwaka wa kwanza Nukta alifaulu kusoma, akafaulu kuandika. Hesabu akapata kumi na tisa kwa mia.

Kwa hiyo mkisikia dada yangu alikuwa mkali kwenye kufundisha hesabu, mumwelewe.

Siku moja alasiri niliingia kwake kuazima chumvi, maana mwanamume asiye na mke huishiwa chumvi mara kwa mara, nikawakuta vitani.

"Shati moja lina vifungo saba," dada anasema, pasi mkononi. "Mashati manne yana vifungo vingapi?"

"Ishirini na nane."

"Vizuri. Haya, robo tatu ya ishirini na nane?"

Nukta akanyanyua macho kwenye kamba. "Mama, lile la bluu limeng'oka kifungo."

"Hesabu kama kipo."

"Lakini hakipo."

"Fanya kama kipo, Nukta!"

"Nitafanyaje kama kipo na hakipo? Mbona unaniambia niseme uongo halafu unasema nimekosa?" Akachana karatasi, vipande viwili, vinne, akalirusha daftari lote ndani ya beseni la maji ya kunyunyizia nguo. "Hesabu zinanichukia! Na mimi nazichukia! Nipelekeni huko mnakotaka kunipeleka!"

Dada hakulitazama daftari. Alitazama mkono wa kushoto wa mwanawe, kama utakwenda sikioni. Mkono haukwenda. Ndipo akaketi juu ya kifurushi cha nguo za watu, jambo ambalo hafanyi kamwe, akafunika uso.

Mimi nikalichomoa daftari majini, likitiririka. "We bibi," nikamwambia Nukta, "unaoga na daftari?"

"Mjomba, niache."

"Nikuache wapi? Njoo hapa. Haya mashati ni mangapi?"

"Manne. Na moja bovu."

"Mimi nimefungua duka. Nayagawa mafungu manne. Fungu moja ni nini?"

"Shati moja."

"Hilo ndilo robo. Sasa lile bovu la bluu nalitupa nje, silitaki, mwenyewe ataniloga. Yamebaki mafungu mangapi?"

"Matatu." Nikamwona anahesabu vifungo kwa macho, midomo ikicheza. "Ishirini na moja. Mjomba! Robo tatu ni ishirini na moja!"

"Ulidhani robo tatu ni nani, shetani?"

"Mbona kitabu hakikusema hivyo?"

"Kitabu hakivai shati."

Akacheka. Dada akaondoa mikono usoni, akanitazama kama vile ndiyo kwanza nimezaliwa. Jamani, mimi nimesifiwa kwa makabati, nimesifiwa kwa vitanda vya maharusi, lakini sijawahi kutazamwa vile. Kichwa kilivimba kikakaribia kugonga zile kamba. Nikajipiga kifua: "Dada, kuanzia leo hesabu ni zangu. Wewe piga pasi."

"Wewe wa darasa la tano?"

"La tano niliondoka nalo lote, sikuwaachia kitu."

Alisita. Mtu mwingine angekataa, lakini alikuwa amechoka, na ilikuwa imebaki miezi mitatu kabla ya mtihani.

Kesho yake nikaja na futi yangu, ile ya chuma inayojikunja ndani ya kibweta chake. Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Futi hiyo ilikuwa imekatika. Miaka mingi nyuma ncha yake ilibanwa na geti la chuma, nikaikata pale penye alama ya kumi ili ianze panapoeleweka. Kwa hiyo haina sifuri, inaanzia kumi. Mafundi wengi tunafanya hivyo: ukipima kitu, unasoma namba, kisha kimoyomoyo unatoa kumi. Ukitaka kukata mbao ya themanini, unaweka alama kwenye tisini. Baada ya miaka hujui hata kama unatoa. Ni kama kupumua.

Nukta alipima meza. "Mita mbili na sentimita kumi."

"Toa kumi. Mita mbili kamili. Meza hii niliichonga mimi, naijua kuliko mama yako."

"Kwa nini natoa kumi?"

Na hapa ndipo penyewe. Ningeweza kusema: kwa sababu mjomba wako ana futi mbovu na hajanunua nyingine. Maneno machache. Lakini mtoto alikuwa ananitazama kwa macho yale ya jana, na mama yake anasikiliza huku anapiga pasi suruali ya mtu mwenye cheo. Nikaona haya. Nikainama, nikamnong'oneza kwa sauti ya kujidai: "Hiyo ni siri ya mafundi. Kwenye vitabu huipati. Futi yoyote, ukipima, toa kumi."

"Na rula yangu je?"

"Rula ni ya wanafunzi, iache ilivyo. Futi ndiyo ya wakubwa."

Akaenda akapima daftari lake kwa rula, likatoka ishirini. Akalipima kwa futi, ikasema thelathini. Akatoa kumi. Macho yakamtoka: "Mjomba, ni kweli!"

"Kumi za nini hizo?" dada aliuliza.

"Dada, utaunguza suruali ya watu."

Yule mtoto alipenda kupima kuliko kula. Alipima mlango, dirisha, ngazi, paka wa jirani alipokuwa amelala na alipoamka akitaka kukimbia, akaniambia paka aliyeamka ni mrefu zaidi. Alijua kuzidisha urefu kwa upana, alijua sakafu ya chumba ingekula vigae vingapi. Alinipima mimi, akatoa kumi, akasema, "Mjomba, wewe ni mfupi kuliko unavyosema." Dada alicheka mpaka akazima pasi. Kwenye sehemu, nusu na robo bado alikuwa anajikwaa, lakini harushi tena daftari. Akikwama anatazama kamba ya mashati. Mtihani wenyewe tuliujua: maswali ya karatasi alama sitini, na vipimo vya vitendo alama arobaini. Ili ufaulu, hamsini. Nikamwambia dada, "Arobaini hizo tayari ni zetu, ziandike ukutani."

Siku ya mtihani alirudi akirukaruka mbele ya mama yake. "Nimemaliza vipimo wa kwanza! Wengine walikuwa bado kwenye ubao, mimi nimeshafika dirishani!" Jioni ile mapema dada alipika chakula kingi kuliko watu tuliokuwepo, akawa anaimba. Sauti yake ni mbaya. Sikuwa nimeisikia kwa miaka miwili.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Dada aliisoma amesimama mezani. Mimi nilikuwa mlangoni kwake nakaza bawaba, nikasikia harufu. Miaka kumi na tano hajawahi kuunguza nguo ya mtu, na pale pasi ilikuwa imelala juu ya shati jeupe, moshi unapanda, na yeye ameshika karatasi. Niliinyanyua mimi. Shati lilikuwa na tundu lenye umbo la pasi, na shuka chini yake, na blanketi.

Karatasi, thelathini na nne. Vitendo, mbili. Jumla thelathini na sita.

"Mbili?" nikasema. "Wamekosea. Mbili hata paka angepata. Nakwenda kuwaonyesha."

Nikaenda, na hasira zangu na nyundo nimesahau kiunoni. Mwalimu mtahini alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Hakugomba. Alitoa karatasi ya Nukta akaiweka mbele yangu. "Mbili ni za unadhifu," akasema. "Ameandika vizuri sana. Lakini tazama. Mlango una mita mbili, yeye ameandika mita moja na tisini. Dirisha mia na ishirini, ameandika mia na kumi. Meza tisini, ameandika themanini. Kila kipimo kimekosewa, na kila eneo aliloliandika limekosewa kwa sababu hiyo."

Nikaivuta ile karatasi karibu. Mwandiko ulikuwa mzuri kweli, namba zimesimama kama askari, na kila moja imepungua kumi.

"Mwalimu," nikasema, "ongeza kumi."

"Samahani?"

"Kila mahali. Ongeza kumi. Ni mimi." Nikamweleza, geti, futi, siri ya mafundi, kila kitu. Nilikuwa nasema kama mtu anayetapika.

Akanisikiliza. Kisha akachukua penseli, akaongeza kumi pembeni mwa kila jibu, akazidisha tena maeneo, polepole, mpaka mwisho. Akaiweka penseli chini.

"Sabini na nne," akasema. "Angepata sabini na nne."

"Basi mpe."

"Mimi nasahihisha karatasi, baba. Wajomba hawamo kwenye mwongozo." Hakusema kwa dhihaka. Aliandika barua palepale, akaigonga mhuri, akaipeleka ofisini mwenyewe. Jibu lilirudi kwa siku nne: matokeo yameshaingizwa, nafasi ya bweni imeshatolewa, mtoto aripoti.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha futi, na kilichoniumbua kilimwangukia mtu mwingine.

Nilimweleza dada akiwa anakunja shuka. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Ulimwambia ni siri?"

"Nilimwambia."

"Kwa nini hukusema tu kwamba futi imekatika?"

"Niliona haya."

"Kwa mtoto wa miaka kumi?"

Akaendelea kukunja, pembe kwa pembe. Nukta alikuwa dirishani, amesikia yote. Akasema polepole, "Mjomba, ile yao niliiona ina moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Nikajua wao hawaijui siri. Nikawaonea huruma."

Nikatoka nje. Mambo mengine hayafai kutazamwa.

Bweni walitaka kila mtoto aje na sanduku la mbao, urefu usizidi sentimita themanini, liingie chini ya kitanda. Nikasema sanduku hilo litakuwa ombi langu la msamaha. Nilinunua futi mpya, nzima, yenye sifuri yake. Nikachagua mbao isiyo na fundo, nikapiga randa mpaka ikawa kama shavu la mtoto, nikaweka bawaba za shaba. Dada aliandika karatasi kwa herufi kubwa, MTOTO HUYU AKISUGUA SIKIO LA KUSHOTO, HESABU ISHIRINI, na nyingine kama hiyo ya kumpa muuguzi. Ya kwanza tukaibandika ndani ya kifuniko.

Asubuhi ya safari Nukta alichukua ile futi mpya, akapima sanduku. Akapima tena.

"Mjomba, lina tisini."

"Haiwezekani."

"Tisini. Ulipokata uliweka alama kwenye tisini." Akanishika mkono, akakiweka kidole changu kwenye sifuri. Alinieleza taratibu, kama nilivyomweleza mimi mashati. "Hii ni nzima. Inaanzia hapa. Hutoi, wala huongezi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Sema tena."

"Sitoi, wala siongezi."

Dada alikuwa ametugeuzia mgongo, anapiga pasi kitu ambacho hakikuwa na mkunjo hata mmoja. Nikalikata lile sanduku kumi, Nukta akiwa amelikalia lisitikisike, vumbi la mbao likimwangukia kwenye viatu vipya. Gari lilikuja kabla sijapiga msasa. Futi mpya nilimpa aende nayo.

Barua yake ya kwanza ilifika baada ya mwezi. Dada alinipa nisome kwa sauti, ingawa anasoma kuliko mimi. Wamemweka na watoto wadogo. Hesabu zao ni rahisi, anamaliza wa kwanza, halafu anakaa tu. Chakula si kibaya. Ameanguka mara mbili. Mara ya pili jino la mbele limevunjika kidogo, lakini haumwi. Chini kabisa, kwa ule mwandiko wa askari, ameandika: *Mama nimepima. Kutoka kitanda changu hadi kwa muuguzi ni mita thelathini na mbili. Nilipima kwa vipande na nikajumlisha. Mwambie Mjomba sikutoa kumi.*

Dada aliichukua barua, akaisoma kimya mwenyewe. Kisha akachomoa pasi kwenye umeme.

"Ile futi yako ya zamani unayo?"

"Ninayo."

"Twende nje."

Barabara yetu ina vumbi na haina magari wakati huo wa mchana. Nilipima kutoka mlangoni kwake mita thelathini na mbili, nikitoa kumi kila kipande, kwa sauti, ili asikie. Ilifika kwenye nguzo ya taa. Hakunieleza anataka nini, na sikuhitaji kuelezwa: mtoto mmoja akione kidole sikioni, akimbie kumwita muuguzi, kisha muuguzi akimbie kuja. Kwenda na kurudi.

"Hesabu," akaniambia. "Usifanye haraka. Hesabu kama kola."

Akapandisha kanga yake hadi magotini, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, akakimbia. Watu waliokuwa kwa kinyozi jirani walitoka kutazama, mmoja akapiga mluzi, akaona uso wake, akaacha. Aligusa nguzo nikiwa kwenye tisa. Akageuka. Kandambili moja ilibaki kwenye nguzo. Alikuja mdomo wazi, mikono mbele, na mimi nahesabu, kumi na saba, kumi na nane, na Mungu ananiona, nilitaka kuvuta, nilitaka kusema kumi na nane mara mbili. Sikusema.

"Ishirini."

Akasimama palepale alipofika, hakuongeza hatua. Alikuwa anahema, ameshika magoti.

"Pima iliyobaki," akasema.

Nikapiga magoti mlangoni pake, nikaivuta futi kwenye vumbi, kipande kwa kipande, mpaka kwenye vidole vya mguu wake ulio peku. Nikatoa kumi zangu. Zilikuwa mita kumi na moja.

"Una hakika?"

"Nina hakika, dada."

"Pima tena."

Nikapima tena.